Kiini cha atomu hakionekani: umbo lake limejulikanaje?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Mafinga. Tulipofika kwenye kiini cha atomu, binti mmoja alinibana: kama hakuna darubini inayokiona, nani kasema kiini kimoja ni mviringo na kingine kimerefuka? Nikampa jaribio la Rutherford, akaniongezea lingine: "Kurusha chembe kwa mwendo mkali namna hiyo si kukivunja tu, Mwalimu? Ukishakivunja utajuaje kilivyokuwa?" Hapo nikaishiwa. Naomba unisaidie, na uniambie pia kama kazi hii inafanyika Afrika au kwetu ni ya kusoma vitabuni tu.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Poleni na baridi ya huko; hapa Mbeya nako tunavaa makoti mchana.

Binti huyo kauliza swali zito, na vitabu vingi vya sekondari hulikwepa. Vinaeleza karatasi ya dhahabu ya Rutherford, kisha vinarukia mchoro wa vigololi vyekundu na vya buluu vilivyoshikamana, kana kwamba kuna mtu aliyevipiga picha. Kati ya kurasa hizo mbili pamefichwa kazi ya zaidi ya miaka mia moja. Sehemu nyingine nitazipita haraka, ila penye hesabu ya ubaoni nitakupa namba uzitumie darasani.

Kiini hujulikana kwa namna kinavyokengeusha chembe iliyorushwa kwake, na kwa kile kinachokitoa baada ya kuguswa. Anayefanya jaribio huchagua arushe nini, kwa nishati gani, na aweke vigunduzi pembe ipi kusubiri kinachotoka. Akibadilisha kimojawapo, amebadilisha swali. Ukirusha elektroni unauliza protoni zimekaaje. Ukirusha dyuteroni, yaani protoni moja na nyutroni moja zilizoshikana, unauliza pana nafasi gani kwa nyutroni moja zaidi. Ukirusha kiini kizito kipite karibu bila kugusa, unauliza shabaha yako ni ngumu au laini, mviringo au la. Kuvunja nako kuna mahali pake, nitafika huko.

Nianze na Rutherford, kwa sababu hata yeye hufundishwa nusu. Mwaka 1909 kule Manchester, Hans Geiger na kijana Ernest Marsden, chini ya usimamizi wake, walielekeza chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba za metali, mojawapo ikiwa dhahabu, dhahabu kama hii inayochimbwa Chunya. Karibu zote zilipenya. Chache mno, kwa makadirio yao kama moja katika 8,000, zilirudi zilikotoka. Miaka miwili baadaye Rutherford alitoa hesabu iliyoonyesha kwamba chaji chanya yote ya atomu imerundikana mahali padogo sana katikati. Vitabu huishia hapo.

Sasa chukua chaki. Alfa ina chaji 2, kiini cha dhahabu kina chaji 79, zote chanya, kwa hiyo zinasukumana. Ili kujua alfa inayokwenda moja kwa moja itakaribia kiasi gani kabla ya kusimama na kurudi, zidisha 2 kwa 79 kwa 1.44, kisha gawa kwa nishati yake katika MeV, yaani milioni za elektronivolti. Jibu linatoka kwa femtometa. Femtometa trilioni moja ndiyo milimita moja. Alfa ya MeV 5 itaishia femtometa 45 na ushee. Alfa ya MeV 7.7, ambayo ni miongoni mwa kali walizokuwa nazo, itaishia karibu 30. Nusu kipenyo cha kiini cha dhahabu ni femtometa 7 hivi. Alfa zote zilizorudi kule Manchester, basi, ziligeuzwa njiani. Hakuna hata moja iliyokigusa kiini cha dhahabu. Binti yako alikuwa na haki ya kutoridhika. Jaribio lile lilithibitisha kwamba kiini kipo na ni kidogo, lakini kuhusu ndani yake halikusema lolote.

Ili alfa iguse dhahabu kweli inahitaji MeV 24 hivi, na miamba haitoi alfa za nguvu hiyo. Za asili huishia MeV 8 au 9. (Kwa pembeni: alfa ni kiini cha heliamu. Ile gesi ya heliamu iliyotangazwa mwaka 2016 kuwa imegunduliwa bonde la Rukwa ni alfa zilizotoka kwenye urani na thoriamu ya miamba ya kale, zikapoteza mwendo, zikajipatia elektroni, zikanaswa chini ya ardhi. Wanafunzi wa kwetu wangefundishwa alfa kwa mfano huo wasingeisahau.) Viini vyepesi vina chaji ndogo, kwa hiyo alfa za asili ziliweza kuvifikia, na ndivyo nyutroni ilivyopatikana mwaka 1932, James Chadwick alipochunguza kilichotoka kwenye berili iliyopigwa na alfa. Kwa viini vizito, ilibidi zijengwe mashine za kuchapua chembe, yaani kuziongezea mwendo.

Mashine zilikuja haraka. Mwaka huohuo wa 1932, John Cockcroft na Ernest Walton wa Cambridge walitumia umeme wa volti laki kadhaa kurusha protoni kwenye lithiamu, ikapasuka vipande viwili vya heliamu. Ernest Lawrence naye kule California alikuwa anaikuza saiklotroni, mashine inayoizungusha chembe ndani ya sumaku huku ikiisukuma tena na tena hadi ipate mwendo. Kufikia miaka ya 1950, alfa za saiklotroni ziliweza kufika kwenye uso wa kiini cha risasi. Karibu na MeV 27 fomula ya Rutherford ikaanza kukosea: alfa zilizotarajiwa kurudi zikawa pungufu, kwa kuwa nyingine zilimezwa. Pale fomula iliposhindwa ndipo kiini kilipoanza kuguswa.

Ila alfa ni chombo kichafu kidogo. Ikishagusa, kani kali ya nyuklia, ile inayoshikilia protoni na nyutroni pamoja, inaingilia, na hesabu inakuwa ya kubahatisha. Elektroni ni safi zaidi, kwa sababu haiijui kabisa kani hiyo. Inachokiona ni chaji, na hesabu ya chaji tunaiweza vizuri. Shida yake ni urefu wa wimbi. Kila chembe inayokwenda ina wimbi, na huwezi kupima kitu kidogo kwa wimbi refu. Kwa elektroni zenye nishati kubwa, gawa 1,240 kwa MeV, utapata urefu wa wimbi kwa femtometa. Elektroni ya MeV 1 ina wimbi la femtometa 1,240, halina maana hapa. Elektroni ya MeV 420 ina wimbi la femtometa 2.95. Hilo linatosha kupimia kiini.

Robert Hofstadter alifanya kazi hiyo Stanford miaka ya 1950, na mwaka 1961 ikampatia tuzo ya Nobel. Elektroni zilirushwa kwenye shabaha, na kigunduzi kikazungushwa kuizunguka shabaha, pembe baada ya pembe, kuhesabu ngapi zinafika. Idadi hupungua pembe inapoongezeka, lakini haipungui kwa ulaini. Inashuka hadi bondeni, inapanda tena kidogo, kisha inashuka. Ni mchoro uleule wa mwanga unaopita penye tundu dogo, ambao wanafunzi wako wa kidato cha sita wameshausoma. Kwa elektroni za MeV 420, bonde la kwanza la kaboni-12 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni) liko karibu na nyuzi 50, na la oksijeni-16 karibu na nyuzi 44. Wape fomula ya kisahani: sini ya pembe ni sawa na 1.22 mara urefu wa wimbi, gawa kwa kipenyo. Watapata nusu kipenyo cha femtometa 2.3 kwa kaboni na 2.6 kwa oksijeni. Ni makadirio, kwa kuwa kiini si kisahani bapa, lakini hawatakuwa mbali na ukweli. Na waone kwamba kiini kikubwa zaidi kina bonde kwenye pembe ndogo zaidi.

Ubora wa Hofstadter ulikuwa kwenye mabonde hayo. Kama ukingo wa kiini ungekuwa mkali kama wa gololi, mabonde yangekuwa na kina kirefu na yangejirudia kwa namna moja. Aliyoyaona yalikuwa yamefukiwa. Maana yake ukingo ni wa kufifia: msongamano wa chaji hushuka kutoka asilimia 90 hadi asilimia 10 ndani ya femtometa 2.4 hivi. Na ndani, toka viini vya wastani hadi vizito, msongamano ni uleule. Ukiongeza nyuklioni, yaani protoni au nyutroni, kiini kinapanuka tu, hakibanani zaidi. Msongamano wenyewe unatisha: sentimita moja ya ujazo ya kiini ingekuwa na uzito wa tani milioni 230. Vile vigololi vya buluu na vyekundu vya kwenye vitabu, kwa kweli, havina cha kujitetea mbele ya grafu hizi.

Elektroni, hata hivyo, haioni nyutroni kwa njia ya kawaida, maana nyutroni haina chaji. Kiini cha risasi-208 kina protoni 82 na nyutroni 126. Zile 44 za ziada zimekaa wapi? Maabara ya Jefferson, Marekani, ilitumia ujanja mmoja. Kani dhaifu ya nyuklia huigusa nyutroni kuliko protoni, na kani hiyo inatofautisha elektroni zinazojizungusha kushoto na zinazojizungusha kulia. Wakarusha elektroni kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, wakapima tofauti ya idadi zinazotawanyika. Tofauti ilikuwa sehemu 550 katika bilioni moja. Kutoka hapo walipata, katika matokeo ya mwaka 2021, kwamba nyutroni za risasi-208 zinazidi protoni kwa nje kwa femtometa 0.28, na kosa la kipimo la 0.07. Ni gamba jembamba mno la nyutroni, na unene wake unawasaidia wataalamu wa nyota kukadiria ukubwa wa nyota za nyutroni. Mimi napenda jaribio hili kuliko yote niliyoyataja. Hakuna kilichovunjwa.

Hapo tumefika kwenye swali la pili la binti. Mama anayenunua chungu cha Wakisi pale Matema hakipasui ili ajue kama kina ufa. Anakigonga kwa kidole na kusikiliza. Wataalamu wa kiini nao wana namna ya kugonga. Unarusha kiini kimoja kipite karibu na kingine, kwa nishati ndogo kuliko ile ya kugusana, kama ilivyokuwa kwa alfa za Manchester. Msukumo wa umeme peke yake unatosha kukitikisa kiini kikapanda kwenye ngazi ya juu ya nishati. Hakikai huko. Kinashuka, na kila kinaposhuka ngazi moja kinatoa mwale wa gama wenye nishati sawa na tofauti ya ngazi hizo mbili. Ukiipima miale hiyo umezipima ngazi, na ngazi ndizo zinazosema umbo.

Urani-238 itakuonyesha. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya urani yote, ikiwamo ya Mto Mkuju huko Namtumbo. Ngazi zake za kwanza juu ya hali tulivu ni keV 44.9, 148.4, 307.2 na 518.1, na keV moja ni elektronivolti elfu moja. Gawa ya pili kwa ya kwanza: 3.3. Gawa ya tatu kwa ya kwanza: 6.8. Sasa angalia kanuni ya kitu kinachozunguka katika fizikia ya kwanta: nishati inakwenda kama namba ya mzunguko zidisha hiyohiyo ongeza moja. Kwa namba 2, 4, 6 na 8 unapata 6, 20, 42 na 72; uwiano wake ni 3.33, 7 na 12. Urani inazunguka! Na hapa ndipo umbo linapojitokeza: katika kwanta, kitu cha mviringo kamili hakiwezi kuonekana kinazunguka, kwa kuwa baada ya kuzunguka kiko vilevile kilivyokuwa. Kwa hiyo kiini cha urani si mviringo, kimerefuka. Aage Bohr, Ben Mottelson na James Rainwater walipewa Nobel mwaka 1975 kwa kuliweka wazi jambo hili.

Ukitaka kumpa binti kazi ya nyumbani, mwambie akokotoe ngazi ya nne kwa kanuni hiyo. Atapata keV 539, lakini kipimo ni 518. Mzunguko unapokuwa wa kasi kiini kinatanuka na jozi za nyuklioni ndani yake zinalegea, hivyo ngazi zinasogeleana. Hata upungufu wa keV 21 una maana yake.

Linganisha na risasi-208. Ngazi yake ya kwanza iko juu kabisa, keV 2,615, karibu mara 58 ya ile ya urani. Ukikigonga kwa upole hakijibu. Mwale huo wa keV 2,615 unaweza kuuona bila mashine yoyote ya kurushia chembe: ukiweka kigunduzi kizuri cha gama kwenye mawe ya graniti kama yale yaliyotapakaa Iringa, baada ya muda mstari huo utajitokeza mwishoni kabisa mwa grafu, kwa sababu thoriamu iliyomo kwenye jiwe hupitia hatua nyingi hadi kuwa risasi-208.

Ugumu wa risasi-208 unatokana na namba zake. Nyuklioni hukaa kwenye maganda, kama elektroni za atomu zinavyokaa kwenye yake, na ganda likijaa kiini kinakuwa mviringo na kigumu. Maganda hujaa kwenye namba 2, 8, 20, 28, 50, 82 na, kwa nyutroni, 126. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen, kila mmoja kwa upande wake, walieleza sababu yake mwaka 1949. Risasi-208 ina maganda mawili yaliyojaa kwa pamoja.

Dyuteroni ndiyo inayotuambia nani amekaa ganda gani. Dyuteroni ni protoni na nyutroni zilizoshikana kwa ulegevu. Ikipita kandokando ya kiini inaweza kuiacha nyutroni yake humo, protoni ikaendelea na safari. Nishati ya protoni hiyo inasema nyutroni imekaa ngazi gani, na pembe iliyotokea inasema nyutroni imeingia na mzunguko kiasi gani. Nyutroni inayoingia bila mzunguko huipeleka protoni mbele moja kwa moja. Yenye mzunguko mkubwa huisukuma pembeni zaidi.

Sasa kuvunja. Kuna viini ambavyo havipo duniani kabisa, na njia ya kuvipata ni kuvunja vikubwa zaidi. Hapo kinachovunjwa ni malighafi tu; kinachochunguzwa ni kimojawapo cha vipande, na kwa kawaida chenyewe ndicho kinachogeuzwa kuwa mwale wa kurusha. Mwaka 1985, Isao Tanihata na wenzake walitengeneza kwa njia hiyo mwale wa lithiamu-11 huko Berkeley. Kiini hicho kina protoni 3 na nyutroni 8, na huishi chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Walipokirusha kwenye shabaha kiligongana mara nyingi kuliko majirani zake, yaani kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Nyutroni mbili za mwisho zinaelea mbali na kiini chenyewe, na utando huo unafika upana unaokaribia wa kiini cha risasi-208, ambacho kina nyuklioni karibu mara 19 zaidi. Ondoa moja ya nyutroni hizo, ya pili inaondoka papo hapo.

Huko CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, kwenye kituo cha ISOLDE kilichoanza kazi mwaka 1967, protoni hupigwa kwenye shabaha nene ya moto, mara nyingi ya kabidi ya urani. Vipande vinavyotoka huchujwa kwa sumaku, kisha huchapuliwa upya. Mwaka 2013 walitangaza kwamba radiamu-224, ikirushwa kwenye nikeli, kadmiamu na bati kwa ile njia ya kugonga bila kugusana, imeonekana kuwa na umbo la peasi: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba.

Mfano wa karibu nasi zaidi uko Mbozi. Kile kimondo ni chuma kwa takriban asilimia 90, na kinachobaki sehemu kubwa ni nikeli. Chuma hicho kwa wingi wake ni chuma-56, na sehemu kubwa ya chuma-56 ya ulimwengu haikuanza kuwa chuma. Nyota inapolipuka, heliamu na jamaa zake huungana hadi nikeli-56, yenye protoni 28 na nyutroni 28, ganda limejaa pande zote mbili. Nusu ya nikeli hiyo hugeuka kobalti-56 kila siku 6 hivi. Kobalti nayo, kwa nusu-maisha ya siku 77, hugeuka chuma-56. Huwezi kutengeneza shabaha ya kitu kinachotoweka kwa mwendo huo. Kwa hiyo jaribio linapinduliwa: nikeli-56 ndiyo inayorushwa, na dyuteroni ndizo zinazokaa zikisubiri, ndani ya utando wa plastiki. Hesabu inabaki ileile. Mwanafunzi anayetembelea kimondo na kuambiwa uzito wake tu ameondoka na robo ya habari.

Kuhusu mashine za leo nitasema machache. Kubwa za sasa, kama ile ya maabara ya FRIB huko Michigan, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2022, huchapua viini hata vya urani hadi zaidi ya nusu ya mwendo wa mwanga, kwa vyumba vya metali ya niobiamu vilivyopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi karibu nyuzi 271 chini ya sifuri. Niobiamu ndiyo madini ya kilima cha Panda, nje kidogo ya jiji letu la Mbeya, na heliamu nimeshaitaja. Sitaki kulivuta jambo hili mbali. Sehemu kubwa ya niobiamu duniani huishia kwenye vyuma vya ujenzi na mabomba.

Afrika kazi inafanyika. iThemba LABS, nje kidogo ya Cape Town, ina saiklotroni inayofikisha protoni MeV 200, pamoja na kundi la vigunduzi vya gama liitwalo AFRODITE na sumaku kubwa ya kuchujia chembe iitwayo K600. Hupokea wanafunzi wa shahada za juu. Usimwambie binti kwamba ni kazi ya filamu. Shabaha ni kijikaratasi cha metali ambacho, kwa dhahabu, huwa na unene wa nusu maikrometa. Hushikwa kwa kibano, na ukikipumulia vibaya kinachanika. Huingizwa kwenye chumba kisicho na hewa, na kuzunguka chumba hicho hukaa vigunduzi vya jerimaniamu, kila kimoja na tangi lake la naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri linalopaswa kujazwa kwa ratiba, hata kama ni usiku wa manane. Mwale wa nanoampia moja hubeba protoni bilioni 6 na ushee kila sekunde, lakini kwenye kijikaratasi kile ni kama moja katika laki mbili inayokutana na kiini. Nyingine zote hupita. Basi kinachofanyika kwenye zamu ni kutazama grafu. Saa tatu usiku ni ukungu wa nukta. Saa tisa usiku, kwenye nishati fulani, ukungu umeota kichuguu. Kesho yake ni mstari, na mtu anaanza kubishana nao kama ni wa kiini chake au ni wa alumini ya chumba. Nusu ya ubishi wa taaluma hii ni alumini ya chumba.

Anayetaka kuingia humo hahitaji kusubiri Cape Town. Hesabu za matriki na kuandika programu ndivyo vitakavyomsumbua, kwa hiyo aanze navyo. ROOT, programu inayotumika kuchambua data za majaribio haya, iliandikwa CERN na hutolewa bure; inaingia kwenye kompyuta ya kawaida. Na kituo cha data za nyuklia cha Marekani, kilichoko Brookhaven, kimeweka bure mtandaoni ngazi za viini vilivyopimwa. Baada ya urani, atafute samariamu. Aanze na samariamu-144, yenye nyutroni 82, ambayo ngazi yake ya kwanza iko keV 1,660. Apande kwa nyutroni mbili mbili hadi samariamu-154, ambako imeshuka hadi keV 82. Aandike pia uwiano wa ile ngazi ya namba 4 kwa ya namba 2 katika kila kiini. Ataona umbo likibadilika mbele ya macho yake kwenye jedwali. Akifika samariamu-152 atapata 3.01, ambayo si ya mviringo wala si ya kitu kilichorefuka kikatulia. Hapo aniandikie, kwa kuwa hata sisi wenyewe bado tunabishana.